Safu ya Mwisho ya Daftari

Mwanga, Kigoma
4 Machi 2007

Kwa mdogo wangu Haidari,

Asalaam alaykum. Huku hatujambo, wa ndani na wa jirani, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuwa na miaka themanini wakati mimi nina hamsini na mbili. Dagaa mwezi huu ni wachache, na wateja wananuna kana kwamba ni mimi niliyewaficha ziwani. Msalimie sana wifi yangu Asmahan. Mwambie kanga zilifika na mpwa wenu Aida ameninyang'anya moja.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu, kila nikimtaja marehemu mwanangu Azizi, salio lako linakwisha. Wewe uliye Birmingham unaishiwa salio kabla yangu mimi muuza dagaa! Basi karatasi haina salio. Utasoma mpaka mwisho.

Wale wa Batalioni ya Kujitolea ya Kalonja waliobaki hai wamekutana hapa. Mwenyekiti ni Mahamud, aliyekuwa mkuu wa seksheni yenu. Wanataka historia ya batalioni iandikwe, tangu mlipojiunga mpaka mlipotawanyika, ichapwe kijitabu na kusomwa mbele ya watu tarehe 24 Novemba, kabla wengine hawajarudishwa Kongo. Mahamud amelitoa lile daftari lenu la marehemu. Kumbe alikimbia nalo ndani ya mfuko wa chumvi. Lina safu nne: jina, umri, tarehe, na ya mwisho ni sababu.

Akalisoma, Haidari, mbele ya watu. Kila marehemu ana sharti alilovunja. Tulijua tangu zamani kwamba maji mliyonyunyiziwa yanageuza risasi, na anayekufa ni yule aliyevunja masharti, na mvunja masharti halilii mtu. Ndiyo maana miaka minane sijamfanyia mwanangu hitima. Lakini sikuwahi kujua alivunja lipi. Sasa nimelisikia kwa masikio yangu: Azizi, miaka ishirini na moja, tarehe 9 Juni 1999, aliiba kuku mweupe wa mjane.

Baba wa mchumba wa Aida alikuwa amekaa benchi la mbele. Tangu siku hiyo watu wake hawajatia mguu kwangu. Dada wa mwizi, nani atamtaka?

Wewe ndiye uliyekuwa karani. Mahamud anataka uiandike hiyo historia. Mimi nataka jambo moja tu: niambie mwanangu alikufaje, kabla neno hilo halijachapwa kitabuni.

Dada yako,
Sikuzani

Small Heath, Birmingham
22 Aprili 2007

Kwa yaya wangu mpendwa Sikuzani,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua imenikuta mzima. Baridi imeanza kupungua, ingawa wenyewe wanaiita joto na wanatembea na kaptura huku mimi bado nina soksi mbili mbili. Goti lako nimelisikitikia. Lisugue kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto.

Kazi ni ile ile, kwenye takataka pale Tyseley. Zinapita mbele yetu kwenye mkanda na sisi tunachambua, chupa huku, bati huku, karatasi kule. Ninasimama na mzee mmoja wa Kihindi, Jagdish, ambaye ana miaka kumi na tisa kwenye mkanda huo. Anasema watu hutupa vitu wakidhani vimekwisha, kumbe vimekuja kwake. Asmahan hajambo, ila analalamika kwamba wageni wakija hajui apike nini, kwa sababu mumewe hali kuku. Nimemwambia wananisumbua tumbo.

Kuhusu historia, nimeanza. Mpe Mahamud hii:

"Batalioni ilianza tarehe 17 Agosti 1998, uwanja wa shule ya msingi ya Kalonja. Walijiandikisha wanaume mia mbili na kumi na wanne, wote kwa hiari yao, bila mshahara. Walikuwa wavuvi, walimu sita, mafundi cherehani, wachuuzi. Bunduki zilikuwa kumi na moja, na zilizofanya kazi ni tisa. Mzee wa Maji aliwapanga mistari akawanyunyizia, akawapa masharti saba: usiibe, usiguse mwanamke, usile sombe, yaani majani ya muhogo, usikanyage damu, usimpe mkono asiyenyunyiziwa, usilitaje jina la adui, na ukianza kwenda usigeuke nyuma. Komanda Lubunga alimchagua mwalimu Haidari kuwa karani, akampa daftari na kalamu badala ya bunduki."

Nimeendelea hivyo mpaka Mei 1999, kurasa sita, utaziona.

Kuhusu marehemu Azizi, dada, vita ni vita. Waliolala tuwaache walale. Mwombe Mahamud asiichape ile safu ya mwisho, basi yatakuwa yamekwisha. Aida ni mzuri, atapata mume mwingine.

Mdogo wako,
Haidari

Mwanga, Kigoma
3 Juni 2007

Haidari,

Salaam. Kwanza acha kuniita yaya. Huko kwetu Kalonja ni heshima, lakini hapa Kigoma watu wanadhani nimeajiriwa kulea watoto wao.

Goti limekataa mafuta ya nazi. Aida anakusalimu. Ndiye aliyenisomea kurasa zako huku nachambua dagaa, na majirani wakaja kusikiliza. Tumecheka pale uliposema mpishi alikuwa anapiga sufuria ili adui adhani mna mizinga. Mahamud naye amefurahi, anasema hakuna kama mwalimu. Hongera, umehesabu hata bunduki mbovu.

Ila historia yako inaishia Mei. Mwanangu alikufa Juni. Wino ulikauka?

Safu ile Mahamud hakubali kuiondoa. Anasema batalioni haiwezi kusema ilipoteza watu thelathini na mmoja isiseme kwa nini, na ukimwondolea mmoja uwaondolee wote. Wenzangu wamenyamaza. Watoto wao walikula sombe, au walikanyaga damu. Mama wa mla sombe anaweza kwenda sokoni. Mimi nikipita wanashika vikapu vyao, kwa utani wanasema, lakini wanashika.

Nikukumbushe kitu. Asubuhi mliyoondoka, Azizi aliacha koti la mtu limekatwa halijashonwa, kwa sababu mjomba wake anakwenda na yeye hawezi kubaki. Sikumzuia. Nilikushika mkono nikakwambia mjomba ni mama, nakuachia. Ukanijibu, "Ukiniona mimi, umemwona yeye." Nimekuona wewe, Haidari. Nilikuona kambini, nikakuona ukipanda ndege. Yeye bado sijamwona.

Alikuwa na nani siku ile? Alianguka wapi? Nani alimzika? Nimemwuliza Mahamud, anasema ya mvunja masharti hayasimuliwi. Mambo matatu tu, na hata sikutaja kuku.

Sikuzani

Small Heath, Birmingham
26 Agosti 2007

Dada Sikuzani,

Asalaam alaykum. Nisamehe sana kwa kuchelewa. Bati lilinikata kiganja cha kulia kazini, nikashonwa nyuzi saba, na supavaiza akanipa wiki mbili za mapumziko. Jagdish alikuja kunitazama na mfuko wa machungwa. Natumaini nyote mko salama na Aida hajakata tamaa. Najua unahesabu, dada, kwa hiyo nikiri: mkono ulipona mwezi wa saba. Baada ya hapo sina sababu ya kukupa.

Nimefika mtoni. Andikeni hivi:

"Tarehe 9 Juni 1999, alfajiri, batalioni ilivuka mto Lwiko kwa mistari mitatu. Adui alikuwa na bunduki kubwa mlimani. Tulipoteza watu kumi na wawili kabla jua halijapanda."

Azizi alikuwa mstari wa kwanza. Alianguka ukingoni, upande wa pili, kwa hiyo kuvuka alivuka. Walimzika watu wa seksheni yake.

Sasa nikueleze habari ya safu. Jioni ile Komanda Lubunga aliniita, akasema, "Karani, andika sababu." Nikamwambia sababu ni risasi, komanda. Akasema, "Wakisikia maji yameshindwa, kesho nani atavuka? Wewe ni mwalimu. Tafuta." Basi nikatafuta. Nilikaa na taa ya kibatari nikawatungia marehemu makosa. Wengi niliwapa sombe, maana nani kwetu hajala sombe? Hakuna aliyevunja kitu, dada, au kama yupo mimi sikumjua.

Haya simwambii mtu mwingine. Azizi naye huenda nilimwandikia hivyo hivyo, kwa kubahatisha, nilikuwa nimechoka na nimelia. Sikumbuki vizuri. Nakuomba usimwonyeshe Mahamud ukurasa huu.

Haidari

Mwanga, Kigoma
14 Septemba 2007

Haidari,

Ramadhan karim. Leo ni funga ya pili, kwa hiyo nauzuia ulimi. Goti linauma. Aida amerudisha pete mwenyewe, kabla hawajaja kuidai.

Umeniambia neno moja la kweli na nimelishika: hakuna aliyevunja kitu. Miaka minane sikumlilia mwanangu kwa sababu ya kibatari chako. Wallahi tulipofika hapo ilibidi Aida aache kusoma.

Ulidhani sikujua ni wewe? Mahamud alipolifungua daftari tu, niliuona mwandiko. Herufi zako zinalalia kushoto tangu utoto, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la mama, na ukuta wenyewe ulikuwa umelala. Nilikaa pale na watu wananitazama nikasema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako. Nikangoja useme mwenyewe. Nimengoja tangu Machi.

Sasa sikiliza. Nimemwomba Mahamud daftari nikalisoma mimi mwenyewe, mstari kwa mstari. Siku ile ya mto waliandikwa kumi na wawili. Wanne walikula sombe. Watatu walikanyaga damu. Wawili waligeuka nyuma, wawili waligusa wanawake. Mwizi ni mmoja tu. Na hukuandika "aliiba" ukaishia hapo kama kwa wengine. Ulitaja kuku. Ukamtaja mwenye kuku, ni mjane. Ukataja na rangi.

Mtu anayebahatisha hataji rangi.

Nani alimla kuku yule, Haidari?

Sikuzani

Small Heath, Birmingham
5 Oktoba 2007

Dada,

Salamu ninazo, lakini nikianza nazo nitajificha humo.

Ni mimi.

Ilikuwa tarehe 7, siku mbili kabla ya mto. Siku nne tulikuwa tunatafuna muhogo mbichi. Yule mjane ndiye aliyekuwa akituchotea maji, na mali yake yote ilikuwa kuku huyo mmoja. Wenzangu walikuwa kwenye mazoezi. Karani hafanyi mazoezi. Nilimkamata, nikamchinja, nikamchoma kwenye migomba nyuma ya kambi, na Azizi akaja kwa kufuata harufu.

Nilimpa paja. Akakataa. Akasema, "Mjomba, mimi nimeshika yote saba tangu siku ya kwanza, sitaki kuharibu sasa tumekaribia kuvuka. Wewe ni mtu wa kalamu, labda kwako si neno." Hakunisema vibaya, dada. Kisha akachimba kishimo kwa kisu akafukia manyoya, ili nisionekane. Mate yalikuwa yanamdondoka, nilimwona, na hakula.

Mjane alikwenda kulia kwa komanda. Komanda aliapa tukirudi kutoka mtoni mwizi atatafutwa na kupigwa risasi mbele ya watu wote.

Asubuhi ya mto, wengine walivuka wameinama. Azizi alivuka wima. Aliyeshika yote saba hana haja ya kuinama. Mimi nilikuwa nyuma ya jiwe na daftari, nimeinama mpaka kidevu kiko kwenye tope, mvunja sharti, na sikupata hata mkwaruzo. Hapo ndipo nilipojua maji yalikuwa maji.

Jioni, nilipokaa na kibatari, kalamu ilikwenda yenyewe. Hapana, nimesema sitajificha. Niliipeleka mimi. Marehemu hajibu, na kesi ya kuku ilikuwa inaningoja. Niliandika kuku, mjane, na rangi, ili komanda asiwe na shaka. Akasoma, akasema, "Basi, mto umeshamlipa." Kesi ikaisha pale pale, nikalala usingizi. Ndiyo, nililala.

Kwa sababu ya neno lile walimzika peke yake, mbali na wenzake, bila dua. Nilisimama pale nikaogopa hata kumsomea Fatiha, wasije wakauliza kwa nini nalia kwa mwizi. Uliniuliza nani alimzika nikakujibu watu wa seksheni yake. Mimi nilishika miguu.

Naona aibu, dada. Naiona nikiswali, naiona watu wa huku wakiniita mwalimu kwa heshima, naiona nikipita maduka ya kuku ya Coventry Road na harufu ile. Nilipokuja Ulaya nilidhani itabaki kambini pamoja na mablanketi. Jana wakati wa kufuturu nilimweleza Asmahan. Aliondoa sahani yangu mezani, taratibu, akaenda kuiosha ikiwa na chakula.

Barua hii ni yako. Ukitaka, isome peke yako uichome. Ukitaka kumpa Mahamud, mpe.

Haidari

Mwanga, Kigoma
2 Desemba 2007

Haidari,

Asalaam alaykum. Sote hatujambo. Mvua zimeshika na paa linavuja mahali pale pale.

Barua yako ilifika siku tisa kabla ya mkutano. Siku mbili nilikuwa naifungua na kuifunga. Nilitaka kuichoma, si kwa ajili ya Azizi, kwa ajili yako. Wewe ni mtoto wa mama yangu, nimekubeba mgongoni. Nilisema, nimeshampoteza mmoja, nikiisoma hii mbele ya watu nitakuwa nimewapoteza wawili. Aida akaniambia, "Mama, huyu wa pili yu hai. Atajisemea."

Tarehe 24 walijaa watu mpaka nje. Mahamud alisoma historia yako, wakapiga makofi pale pa sufuria. Alipofika mtoni Aida akasimama, akaomba asome yeye. Akasoma barua zako mbili, ile ya kibatari na hii ya kuku, neno kwa neno, hakuruka hata pale uliposema ulilala. Mtoto yule sijui ametoa wapi sauti.

Mahamud alikaa chini. Akasema, "Mimi nilivuka nyuma yake. Nilimwona anakwenda wima nikadhani ni jeuri." Kisha akalia, mzee mzima, na hakufunika uso.

Baba wa yule mchumba alikuja kesho yake na soda kreti mbili, anaomba yaliyopita yawe yamepita. Aida amemkaribisha kiti, soda amemrudishia.

Hitima tulisoma Ijumaa. Walikuja hata wale wa vikapu. Nililia, Haidari, nililia kilio cha miaka minane mpaka wakanimwagia maji. Kwa desturi mjomba ndiye hukaa kwenye mkeka wa mbele, akapokea pole kwa niaba ya mama. Wakaniuliza tumweke nani. Nikasema mjomba wake yupo. Tukautandika mkeka wako, na watu wakatoa pole zao mbele ya mkeka mtupu, mmoja mmoja. Magharibi nikaukunja mwenyewe.

Usiniulize kama nimekusamehe. Nikijua nitakwambia.

Sasa kuna kazi. Usiku ule ule wa mkutano mama tisa walikuja mlangoni kwangu. Kila mmoja anataka kujua kama wake pia ulimtungia. Yule ambaye mwanawe uliandika aligusa mwanamke, alikuwa na mkwe na wajukuu wawili, na mkwe aliondoka siku aliposikia. Mahamud amesimamisha uchapaji. Aida amenakili daftari lote, majina thelathini na moja, umri na tarehe. Safu ya mwisho ameiacha wazi. Karatasi iko ndani ya bahasha hii.

Wewe ni karani. Ijaze.

Sikuzani

Small Heath, Birmingham
6 Januari 2008

Dada Sikuzani,

Asalaam alaykum. Asmahan anakusalimu. Amekaa nami mezani wakati naandika, na ndiye aliyenishikia karatasi isiteleze.

Nimeijaza. Nilikuwa nalisoma kila jina kwa sauti kwanza, na wengine nilikumbuka sura zao, na mmoja nilikumbuka kikohozi chake tu. Mbele ya kila mmoja nimeandika neno moja, lile lile nililomwambia komanda jioni ya kwanza kabla sijaogopa: risasi. Mara thelathini na moja. Azizi ni wa tisa. Yule mama wa wajukuu wawili mwambie mwanawe ni wa ishirini, amwonyeshe mkwe wake.

Chini ya jina la mwisho Aida alikuwa amebakiza mstari mmoja mtupu. Sijui kama ni kwa makusudi. Nimeujaza huo pia, na namwomba Mahamud auchape kama ulivyo:

Haidari, miaka thelathini na nane, karani. Tarehe 7 Juni 1999. Aliiba kuku mweupe wa mjane. Yu hai.